Sindano Moto wa Ruiru

Kiganjo, Thika
Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Ciru wangu,

Umeenda kumuaga guka wako, na babu yule hatakuachilia kabla hujamaliza viazi vyake vyote, kwa hivyo nina kama saa mbili. Nimefunga mlango, nimefunika cherehani na nimezima redio. Unajua mimi nikizima redio kuna jambo.

Sitakuandikia habari za kuanika blanketi wala za kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema wiki nzima, hadi ukaanza kuniigiza nyuma ya mgongo wangu ukidhani sioni. Hili la leo siwezi kulisema kwa mdomo. Mdomo wangu hutangulia, halafu mimi nafuata nyuma nikiokota, na wewe umeurithi wote bila kubakisha. Nikianza kukueleza uso kwa uso utanijibu, nitapandisha, utabamiza mlango, na kesho utapanda basi la Eldoret kwenda chuo bila kunisikia. Kwenye karatasi hutapata mahali pa kunikatiza.

Jana ulipokuwa mjini, Mama Zuhura alikuja hapa.

Ndiyo, mama yake Zuhura yule wa bodingi, uliyelala naye bweni moja miaka minne. Alitoka Ruiru peke yake, akasimama pale kwenye kamba ya nguo akiuliza watoto wa jirani kama hapa ndipo kwa Mama Ciru. Nilimwona kupitia dirishani kabla hajaniona. Nilifikiria kutokea mlango wa nyuma. Mtu mzima mimi, nikasimama jikoni nikipima kama nitatosha kupita kati ya ua na choo.

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha baba yako, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba. Ilikuwa imechapishwa kwa kompyuta kutoka kwa ule ukurasa wa intaneti wa wanafunzi mnamogombana kila siku huko saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Nimeisoma mara nyingi tangu jana hadi naijua kwa moyo: "Wewe wa Ruiru unayejifanya msafi, najua unalala na tochi kama mtoto. Tukifika chuo nitaizima, tuone utapiga nduru kwa nani." Aliyeandika anajiita Wembe. Chini yake watu wengine wameandika, watu wa Kisumu, wa Mombasa, wa wapi sijui. Mmoja anasema, "Wembe, kata!" Mwingine anasema, "Mzime kabisa!"

"Sijui huyu Wembe ni nani," nilimwambia.

"Mama Ciru, mimi sikukuja kugombana," akasema. "Katika shule ile yote, mtu wa kujua mambo ya tochi ni mmoja. Alikuwa analala kitanda cha juu, Zuhura analala cha chini."

Nilijua ni wewe kabla hajamaliza.

Jana jioni nilikuuliza kwa kuzunguka, unakumbuka? Ulikuwa unachana nywele. Nikauliza, "Ciru, huko saiba mnaandikanga nini?" Ukajibu bila kugeuka, "Ni story tu, Mami. Watu wanatusiana, wanaenda home. Na hakuna mtu anajua ni mimi." Nilitoka nje nikasimama kwa karo ya kuoshea vyombo kwa sababu nilitaka kukupiga, na wewe ni mtu mzima. Nilitaka kukupiga hasa kwa yale maneno ya mwisho. Hayo nilishawahi kuyasema mimi, kwa ulimi huu huu, nikiwa na mume na mtoto.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wewe ukiwa bado kwa cucu, bibi yako, huko Murang'a, mimi na baba yako tulikaa Ruiru. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibanda sokoni. Kibanda cha pili, ukuta wa bati mmoja katikati, kilikuwa cha Halima. Ndiye huyu Mama Zuhura. Tulikuwa tukipokezana makaa ya pasi. Nikiishiwa na uzi mweusi napitisha mkono chini ya bati, naye ananitilia uzi kiganjani bila hata kuniuliza. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafunika sufuria yangu ya githeri asisikie harufu, naye ananicheka, "Mama Ciru, mimi nimefunga tumbo, sikufunga pua." Sikuwa na rafiki mwingine kama yeye, na sijapata mwingine tangu hapo.

Mimi nilikuwa mtuma salamu. Usicheke. Wakati huo ulikuwa huendi popote bila kusikia redio ikisoma kadi za salamu, na wale waliotuma sana walijulikana nchi nzima kwa majina yao ya kujipa. Unanunua kadi, unaandika majina ya wale unaowasalimu, unachagua wimbo, halafu chini kuna mstari mmoja wa ujumbe. Mimi nilikuwa Sindano Moto wa Ruiru. Nikisomwa, soko lote lilipiga kelele, na watu wa Busia na Kitui ambao sijawahi kuwaona walinirudishia salamu kama ndugu zangu wa tumbo moja. Nilikuwa fundi wa kushona marinda sokoni, lakini kila Jumamosi alasiri nilikuwa mtu. Kadi zilikuwa zikiisha haraka Ruiru, kwa hivyo kila Jumanne nilifunga kibanda asubuhi nikaja Thika kuzinunua.

Jumanne moja nikarudi na kadi zangu nikamkuta Halima amejaza kibanda kwa vitambaa vya bluu. Vilikuwa vya yunifomu za shule ile ya msingi kule juu, shule nzima. Kazi hiyo nilikuwa nimeizungukia mwaka mzima, nimempelekea mwalimu mkuu hadi kuku. Nikamuuliza Halima, "Hii ni nini?" Akasema, "Keti nikueleze." Sikuketi. Mimi sikuketi, Ciru. Ningeketi dakika tano tu, barua hii isingekuwepo. Nilimwambia ameniibia, nikaingia kwangu, nikaanza kushona kwa hasira hadi sindano ikavunjika.

Halafu nikachukua kadi moja kati ya zile mpya. Nikaandika majina ya marafiki zangu wote wa redio, na kwenye ujumbe nikaandika: "Halima wa Ruiru, kibanda cha wizi huungua. Chunga usiku wako." Ningeweza kuvuka ukuta wa bati nikamwambia usoni, angenitukana, ningemtukana, kesho yake tungeombana makaa. Lakini usoni ningeona macho yake. Kwenye kadi sikuona chochote ila mwandiko wangu, na niliuona mzuri.

Nilipoitia posta nilirudi nikiimba kwa raha. Hili nakuambia kwa sababu nadhani unaijua raha hiyo.

Ilisomwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na redio zote sokoni ziko kituo kimoja. Mtangazaji alicheka kidogo, akasema, "Eeh, leo Ruiru kuna moto," akaweka wimbo. Upande wa pili wa bati, cherehani ya Halima ikanyamaza. Nilingoja aje anipigie kelele na hakuja. Nilimsikia akimwambia mtu, pole pole, "Zuhura, njoo ukae hapa ndani karibu na mimi."

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata kadi zikaanza kuja kutoka kila upande. "Sindano Moto, tuko nyuma yako." "Halima wa Ruiru, rudisha mali ya watu." Mmoja wa Nakuru akaandika, "Sindano Moto, usitishe tu, tenda." Hawakumjua Halima. Hata mimi hawakunijua. Walikuwa wamepata wimbo mpya wa kuimba, wakauimba Jumamosi nne mfululizo, na wateja wa Halima wakaanza kupita mbele ya kibanda chake wakiangalia chini. Baba yako akaniambia, "Andika nyingine useme ulikuwa unatania." Nikamwambia, "Nje ya soko hakuna mtu anajua ni mimi, nilitia jina la redio." Akachukua kofia yake akaenda kazini.

Kibanda kiliungua Jumapili mchana. Mimi nilikuwa kanisani. Halima alikuwa ameenda kuteka maji na amemwacha Zuhura amelala chini ya meza ya kukatia, juu ya vile vitambaa vya bluu. Mtoto wa miaka tisa. Kibanda hakikuwa na dirisha, na moshi ulipojaa kulikuwa na giza humo ndani kama ndani ya gunia, na mtoto akatambaa akitafuta mlango akaupata ukuta wangu. Alikuwa anaupiga ule ukuta wa bati upande wangu. Nilikuwa nimefunga kibanda. Halima aliingia akamtoa kwa mikono yake, na mlango wa bati ulikuwa wa moto kama pasi.

Mikono ile niliiona jana. Vidole vya kushoto havikunjiki. Alishika kikombe changu cha chai kwa viganja viwili, namna unavyoshika kitu usichokiamini, na hajashona tangu siku ile. Sasa anauza nguo zilizoshonwa na watu wengine.

Nani alichoma? Mpaka leo sijui. Wengine walisema ni pasi ya makaa iliyoachwa. Lakini Jumatatu yake, nikiwa natazama majivu, kijana mmoja wa kubeba mizigo alinipigia saluti akasema, "Sindano Moto, kazi imefanyika." Labda alikuwa anatania. Nimejiuliza swali hilo nikipika, nikiomba, nikikushonea yunifomu, na jibu halijawahi kuja, na sidhani litakuja kabla sijafa.

Polisi walikuja Jumatano. Ile kadi ilikuwa bado iko redioni na nyuma yake kulikuwa na sanduku la posta, kwa maana kadi bila anwani haikusomwa. Sanduku lilikuwa la kiwanda alichofanyia kazi baba yako. Kwa hivyo Sindano Moto alipatikana kabla ya chai ya saa nne. Walianzia kiwandani, wakamtoa baba yako mbele ya wenzake, naye akawaleta kwangu. Nilikaa seli siku sita. Cucu wako aliambiwa niko kwa shangazi mgonjwa. Humo ndani unalala ubavu kwa ubavu na watu usiowajua, na askari aliyekuwa akinihoji alinisomea ujumbe wangu mara ishirini kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya sokoni. Maneno yangu hayakuwa na uzuri wowote tena. Nikamwambia sikumaanisha. Akaniuliza, "Sasa ulimaanisha nini?"

Aliyenitoa ni Halima. Alikuja kituoni mikono imefungwa bandeji akawaambia, "Huyu hakuchoma, alikuwa kanisani, kila mtu alimwona. Lakini andikeni pia kwamba mimi na mtoto wangu tuliacha kulala tangu siku ile ya redio, na siku hiyo hakukuwa na moto wowote." Halafu akaondoka bila kuniangalia.

Baba yako alipoteza kazi mwisho wa mwezi. Hawakusema ni kwa nini na hakuuliza. Ndiyo maana tulihamia Kiganjo, ndiyo maana anatengeneza baiskeli za watu, na ndiyo maana hukuwahi kumsikia akinisuta kwa lolote, kwa sababu akianza hatamaliza. Kabla hatujahama, mtu aliniletea furushi kutoka kwa Halima. Lilikuwa na vitambaa vya bluu vilivyokatwa tayari, mikono, kola, mifuko, vimefungwa kwa uzi mweusi. Vilikuwa nyumbani kwake, ndiyo maana havikuungua. Yule aliyevileta akasema, "Amesema hii ni nusu yako. Mwalimu alikuja Jumanne hukuwepo, akataka kupeleka kazi Thika, yeye akaishika ili mgawane. Alikuwa ashakukatia."

Nilikuwa nimeenda kununua kadi.

Sasa sikiliza kosa la pili, maana hili linakuhusu wewe. Siku ya kwanza ya wazazi kule bodingi nilikuja na kuku na chapati, nikamwona Halima chini ya ule mti wa karibu na bweni, na wewe na binti yake mmeshikana mikono mnakuja kunitambulisha. Nilijificha nyuma ya lori la shule. Ulinitafuta hadi ukachoka. Na ulipokuja likizo nilikuambia, "Yule msichana wa Ruiru usimzoee sana, watu wa huko nawajua." Ulikuwa unampenda, Ciru. Uliniuliza kwa nini nikakuambia utanielewa ukikua. Nilikutia sumu kidogo kidogo miaka minne, ili nisiulizwe swali moja. Kwa hivyo Zuhura alipoandika kwenye ule ukurasa kwamba kuna watu wa shule yenu walipita kwa karatasi za mtihani za kununua, hukuuliza anamsema nani. Uliamua ni wewe. Nami najua hukununua chochote, nilikuona ukisoma mpaka macho yakavimba. Lakini hakukutaja. Halima ameniapia kwamba Zuhura alikuwa anamsema mtu mwingine kabisa, na hata kama angekutaja, wewe ungemwambia aonyeshe ushahidi, ungemwita mwongo, ungemfungia urafiki. Ulikuwa na njia nyingi. Ukaichagua tochi.

Hukujua alipata wapi ile tochi. Sasa unajua. Tangu siku ile hawezi kulala bila mwanga. Anataka akifungua macho auone mlango.

Jana nilimuuliza Halima kama Zuhura yuko tayari kwa safari ya hicho chuo chenu. Akasema, "Hataki kwenda. Ameshusha sanduku, ameniambia atabaki anisaidie duka. Miaka miwili ameingojea hiyo nafasi, Mama Ciru." Na kuna kaka yake, Rashidi, ambaye anataka karatasi hii iende polisi, na nakala nyingine iende kwa wakubwa wa chuo. Halima amemwomba angoje mpaka kesho saa nne. Wakiipeleka watakupata, usijidanganye na jina la Wembe. Yule mwenye saiba anakujua, unakaa kompyuta ile ile kila alasiri, na daftari lake la wateja lina sahihi yako. Utaanza chuo kwa kuitwa ofisini, kama utaanza. Hilo linanitisha hadi sijala tangu jana. Lakini naona aibu kukuambia kwamba si hilo lililonitisha kwanza. Kwanza nilimwona akilini Zuhura akishusha sanduku.

Halima alipofika mlangoni aliniuliza, "Ulishamwambia?"

"Bado."

"Basi mwambie kabla hajaenda. Huyo mtoto hajui amegusa wapi."

Hakusema atakusamehe. Wala mimi hakunisamehe, nami sikumwomba. Nilikuwa na mwanamke huyo ndani ya nyumba yangu saa nzima, nikamwongezea chai badala ya kulisema neno lenyewe. Mimi niliyejulikana nchi nzima kwa maneno.

Basi la Eldoret linatoka Nairobi saa saba mchana, na kwenda Nairobi lazima tupite Ruiru. Kesho saa moja asubuhi mimi, wewe na baba yako tutatoka hapa na sanduku lako, na mimi nitashuka Ruiru. Nimetoa lile furushi la bluu chini ya kitanda, nitalibeba. Sijui nitamwambia nini Halima, lakini nitaketi, na nitangoja anieleze yale aliyotaka kunieleza Jumanne ile. Wewe sikulazimishi kushuka. Nilifikiria kukulazimisha, nikafikiria hata kuficha barua yako ya chuo, halafu nikaona Zuhura akiletewa mtu aliyeburutwa, na hilo halimsaidii. Ukiamua kubaki kwenye gari, nauli yako iko kwenye mfuko wa koti na baba yako atakusindikiza hadi kituo cha basi. Nitakuwa mama yako vile vile. Lakini usiniambie tena kwamba ni story tu.

Ukishuka, usijieleze sana. Usimwambie alikukosea kwanza. Mwambie wewe ndiye Wembe, utaje jina lako lote, mbele ya mama yake na mbele ya Rashidi, halafu umuulize kama atakubali mpande basi pamoja. Akikataa kukuangalia, simama hapo hapo. Mimi nitakuwa karibu yako, naye mama yake ana haki ya kutuangalia sote wawili anavyotaka.

Nasikia geti. Ni wewe, nasikia viatu vyako, na guka amekubebesha ndizi kama nilivyojua. Naiweka barua hii ndani ya sanduku lako, juu ya nguo, uione ukifungua kutafuta shuka.

Kando yake utaona tochi mpya na betri pakiti mbili. Usizihamishe chini ya nguo, na usidhani nimekununulia wewe. Muulize Zuhura kama atakubali tena kitanda cha chini, huko chuoni.

Mama yako